Seli Chache Zinazobeba Ngozi Nzima

Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hupoteza maji kwa kasi, na vijidudu humwingia kirahisi. Ndiyo maana daktari hukwangua ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, akaipandikiza kwenye jeraha. Na kama hata mapaja yameungua?

Mwaka 1975, Howard Green na James Rheinwald wa Marekani walipata njia ya kukuza seli za ngozi ya binadamu maabarani. Mwaka 1983, mjini Boston, ngozi ya namna hiyo iliwafunika watoto wawili, ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Walipona.

Lakini tabaka la juu la ngozi hupukutika na kuota upya kila mwezi hivi. Iweje ile ya kupandikizwa idumu miaka?

Jibu lilionekana kwa mtoto wa miaka 7 aliyetibiwa Bochum, Ujerumani, mwaka 2015. Jeni yake iitwayo LAMB3 ilikuwa na kasoro, hivyo alikosa protini inayoshikiza tabaka la juu kwenye la chini. Ngozi ilitoka malengelenge na kubanduka kwa kuguswa tu. Kutoka kinenani, mahali ambapo ngozi ilikuwa bado nzima, kilikatwa kipande cha sentimita za mraba 4 hivi. Kundi la Michele De Luca, Modena, Italia, likatumia kirusi kuingiza jeni nzima kwenye seli hizo, likazikuza hadi zikatosha kufunika asilimia 80 ya mwili wake.

Kirusi hicho hujichomeka mahali tofauti katika kila seli, kwa hiyo kila ukoo wa seli ulibaki na alama yake. Watafiti walipozifuatilia alama hizo katika ngozi iliyopandikizwa waliona kwamba koo nyingi zimetoweka. Ngozi yote ilikuwa ikizaliwa na seli shina chache tu, yaani seli zinazoendelea kuzaa nyingine.

Upungufu upo. Ngozi hii huota bila tezi za jasho, na kwa anayeishi kwenye joto hilo si jambo dogo.

Seli shina za uboho au mafuta, zinazojaribiwa kwa vidonda vya kisukari, ni habari nyingine: nyingi hazigeuki ngozi, bali hutoa kemikali za kutuliza uvimbe na kuchochea mishipa ya damu, kisha hufa. Kuhusu krimu za “seli shina” madukani, sina la kuzitetea. Seli hai huhitaji lishe na joto la mwili. Haikai kwenye kopo rafuni.