KWA NINI TULIPE ILI TAKATAKA ZICHUKULIWE?

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware huuliza hivi: Kwa nini kila nyumba itoe fedha ili takataka zichukuliwe, na hali twasikia kwamba takataka zina thamani na wako watu wazinunuao? Swali hili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa.

Yafaa kwanza ijulikane kazi hii ni ya nani. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kuondoa takataka ni kazi ya serikali za kaunti, na hapa ni Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Lakini katika mitaa hii miwili vichochoro ni vyembamba, wala lori haliwezi kufika mlangoni pa kila nyumba. Ndiyo sababu vikundi vya vijana hupita nyumba kwa nyumba, hukusanya takataka katika magunia, na kuzisukuma kwa mkokoteni mpaka kando ya barabara kubwa. Ada itolewayo na wenyeji ndiyo ilipayo jasho lao, magunia yao na mkokoteni wao.

Kutoka hapo safari ni ndefu. Jaa kuu la jiji liko Dandora, upande wa mashariki. Kibera iko kusini-magharibi na Kawangware iko magharibi. Basi lori halina budi kulivuka jiji zima. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini liliendelea kutumika. Mafuta, matairi, mshahara wa dereva na saa nyingi za kungoja njiani, yote hayo ni gharama.

Sasa na tutazame kilichomo ndani ya lori. Zaidi ya nusu ya takataka za Nairobi ni mabaki ya chakula na majani, kama vile maganda ya viazi na ndizi na mashina ya sukuma wiki. Vitu hivi vina maji mengi, navyo ni vizito. Chupa tupu za plastiki ni nyepesi, lakini hujaza nafasi. Maana yake ni kwamba lori hulipiwa kubeba maji na hewa!

Ni kweli kwamba wanunuzi wako. Hununua chupa, mitungi mikuukuu, vyuma chakavu na makaratasi. Hata mifupa ya ng'ombe hugeuzwa na mafundi wa Kibera kuwa shanga na vikuku. Lakini mnunuzi hulipa kwa kilo, na hutaka kitu kisafi kilichochambuliwa. Karatasi iliyolowa mchuzi haina bei. Plastiki iliyochafuka hapana budi ioshwe, na katika mitaa yetu wengi hununua maji kwa mtungi.

Tuchukue mfano, na hesabu hii ni ya mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika. Kikundi kimepata kilo 50 za plastiki, na bei ni Sh. 20 kwa kilo: jumla ni Sh. 1,000. Ikiwa plastiki hiyo imechanganyika na mabaki ya ugali, atahitajiwa mtu wa kuchambua na kuosha kutwa nzima kwa Sh. 500, na maji mitungi 10 kwa Sh. 100. Zitabaki Sh. 400. Lakini ikiwa kila nyumba imetenga plastiki yake ikiwa safi, Sh. 600 zile hazitumiki, na kikundi chaweza kufikiri kupunguza ada.

Wako wasemao, "Mimi sitalipa, nitatupa mtaroni usiku." Takataka hizo hazitoweki. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 karibu na Kibera, limesongwa kwa miaka mingi na takataka na magugu. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na matambara huziba mitaro vilevile. Mvua inyeshapo, kama ile ya masika ya mwaka 2024 iliyoleta mafuriko makubwa jijini, maji yakosayo njia huingia nyumbani. Godoro likiloa na mtoto akiugua, aliyekwepa ada hulipa mara nyingi zaidi, na jirani yake asiye na kosa hulipa pia.

Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yaagiza kwamba taka zitengwe katika mafungu: zile zinazooza mbali, na zisizooza mbali. Kutimiza jambo hili nyumbani si kazi ngumu. Weka vyombo viwili, kimoja cha mabichi na kimoja cha makavu. Suuza chupa kwa maji yaliyokwisha oshea vyombo. Mabichi yaliyotengwa yaweza kuwa mbolea, nayo hayatahitaji tena kupelekwa Dandora.

Tena, mlipaji ana haki ya kuuliza. Kikundi na kiandike ada iliyopokewa, kilo zilizouzwa na fedha zilizobaki, kisha kiwasomee wenyeji hesabu hiyo kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.