Insha Haiandikwi kwa Usiku Mmoja

Mwanao akirudi kutoka shule na kukwambia kuwa ameagizwa insha juu ya Mtwa Mkwawa, muulize ataianza lini. Wanafunzi wengi, wawe wa Iringa au wa Mbeya, huiacha kazi kama hiyo hadi usiku wa mwisho, kisha huazima daftari la mwenzao na kunakili. Alama huenda zikapatikana. Lakini siku ya mtihani daftari hilo halitakuwapo, na mtoto atajikuta hana hata sentensi moja iliyo yake.

Wazazi wengi hudhani hawawezi kusaidia kwa kuwa elimu yao ni ndogo. Sivyo. Insha hupitia hatua tano, na mzazi anayo nafasi yake.

Kwanza ni kukusanya habari. Mtoto aandike anayoyajua na anayotaka kuyajua. Aliyeko Iringa apelekwe Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa limehifadhiwa katika makumbusho. Mwanafunzi wa Mbeya aliyepewa insha juu ya reli ya TAZARA amtafute mzee anayekumbuka ujenzi wake wa miaka ya 1970 hadi 1975, amwamkie, amsikilize na kuandika.

Pili ni kuchagua swali moja. Kwamba Mkwawa alikuwa shujaa, darasa zima litaandika. Lakini Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu hilo, nalo halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954. Kwa nini ilipita miaka 35? Swali la namna hiyo humpa mwandishi jambo la kutafuta.

Tatu ni kupanga. Kila jambo liandikwe kwenye kipande chake cha karatasi: vita vya Lugalo vya Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kifo cha Mkwawa mwaka 1898, mkataba, na kurudi kwa fuvu. Vipande vipangwe mezani na kupanguliwa. Lisilojibu swali liondolewe, hata likiwa tamu. Kwa swali letu, vita vya Lugalo vyatosha kwa sentensi moja au mbili.

Nne ni kuandika rasimu. Hapa mtoto asikatizwe. Aandike mpaka mwisho bila kuhangaikia tahajia wala mwandiko.

Tano ni kusahihisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Rasimu ilazwe siku moja, kisha mtoto aisome kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma ni msaidizi hodari hapa, kwani kinachohitajika ni sikio. Ukiwa unachambua mboga au unapiga pasi, sikiliza, pale usipoelewa, mwambie, "Hapo sijakuelewa, mwanangu." Usimpe maneno yako, mwache atafute yake. Baadaye arekebishe nukta na tahajia, ndipo anakili kwa mwandiko safi.

Kazi hii yahitaji juma zima, nusu saa kila jioni. Mtoto aliyezoea kufikiri hivyo hatahitaji, atakapokuwa mtu mzima, kumtafuta mtu wa kumwandikia barua ya kuomba kazi au muhtasari wa mkutano wa kijiji. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.