UZI: Mgombea akiahidi "mji wenye baridi kama Dubai", muulize nini?

1/ Kila msimu wa kampeni huku Pwani lazima Dubai itajwe. Barabara kama Dubai, taa kama Dubai, na sasa joto likizidi, mji wenye baridi kama Dubai. Mimi nasomea sayansi ya siasa, si uhandisi. Lakini hii mada ina siasa nyingi kuliko mashine. Twende polepole.

2/ Kwanza, kitu chenyewe. Badala ya kila hoteli, benki na ofisi kufunga viyoyozi vyake, katikati ya mji panajengwa mtambo mmoja mkubwa. Unapoza maji mpaka karibu nyuzi 5, yanasukumwa kwa mabomba chini ya ardhi, yanaingia kwenye majengo, yanabeba joto, kisha yanarudi yakapozwe tena. Mwenye jengo anaona mita na bili tu, kama maji na stima.

3/ Faida zake ni za kweli. Mtambo mkubwa hutumia stima kidogo kuliko mamia ya viyoyozi vidogo. Ofisi zinataka baridi mchana, vyumba vya hoteli usiku, kwa hivyo mashine ile ile inahudumia wote. Maji yanaweza kupozwa usiku, yakawekwa kwenye tangi, yakatumika saa nane mchana stima ikiwa imeelemewa. Tena kiyoyozi cha ukutani hutemea joto lake barabarani, juu ya yule mama anayeuza viazi karai nje.

4/ Na si ndoto. Paris wanao mtandao huu tangu 1991, unatumia maji ya mto Seine, na jumba la makumbusho la Louvre limeunganishwa. Toronto walianza 2004 na maji ya chini ya Ziwa Ontario, ya nyuzi 4 hivi. Abu Dhabi kampuni ya Tabreed iliundwa 1998, Dubai Empower ikafuata 2003. Ila bahari yetu juu juu ni nyuzi 25 mpaka 30. Inaweza kuusaidia mtambo kutoa joto, lakini haiwezi kupoza jengo yenyewe kama lile ziwa. Stima bado utainunua.

5/ Sasa siasa. Bomba likishazikwa, ni hilo moja. Hakuna atakayechimba la pili aje ashindane. Laini ya simu ikikuudhi unahama. Hapa utahamia wapi? Dubai wapangaji wengi wamelalamika kwamba bili ina sehemu mbili: baridi uliyotumia, na ada ya kutengewa uwezo wa mtambo. Hii ya pili inakuja hata ukifunga nyumba ukasafiri. Sheria mahususi ya kusimamia huduma hii ilitoka Dubai 2021, mabomba yakiwa ardhini miaka mingi. Kumbuka mpangilio huo: bomba kwanza, sheria baadaye.

6/ Kenya tushaiona hadithi hii kwenye umeme. Mradi wa upepo wa Turkana ulikamilika 2017, laini ya kusafirisha umeme ikawashwa 2018. Katikati hapo mkataba ulidai malipo ya umeme ambao haukufika kwa mtu yeyote. Mitambo haikuwa na shida. Shida ilikuwa ni nani aliyekubali kubeba hasara ya kuchelewa, na mwishowe ni sisi wananchi.

7/ Kwa baridi, hasara ni hii: mtambo unajengwa kwa majengo 100, yanajiunga 30. Nani analipia nafasi ya yale 70? Mwekezaji mwenye akili atataka moja kati ya mawili: sheria ndogo ya kulazimisha majengo kujiunga, ama dhamana ya serikali. Wanaotetea kulazimisha wana hoja, maana bila wateja wa kutosha bei haishuki. Wanaopinga pia wana hoja, kwani unamfunga mwenye gesti ndogo kwa muuzaji mmoja kwa miongo.

8/ Uamuzi huo ni wa nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti mipango na maendeleo yake, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi. Ibara ya 212 inasema kaunti ikope tu ikiwa serikali ya kitaifa imedhamini na bunge la kaunti limeidhinisha. Kwa hivyo mtu akiahidi "nitawaletea", jua hawezi kuleta peke yake. Mwakilishi wenu wa wadi ana kura hapo.

9/ Mimi natoka Marereni. Mtambo ukijengwa Malindi mjini ama Mombasa, bomba halifiki huku. Huku watu wanashinda chumvini juani, na mvuvi wa Ngomeni bado anahangaikia barafu. Lakini dhamana ikilipwa na kaunti yetu, mfuko ni mmoja, wa Malindi na wa Marereni. Na masomo ya mradi mkubwa kando ya bahari tunayo: 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kuhusu chumvi Magarini. Ardhi, hali ya wafanyakazi, mazingira, yote yaliulizwa kampuni zikiwa zishakaa miaka. Mtambo unaotumia maji ya bahari huyarudisha yakiwa moto. Yatamwagwa wapi? Kwenye mikoko ya nani?

10/ Kwa hivyo sipingi baridi. Napinga ahadi isiyo na mkataba. Maswali ya kubeba kwenye baraza:
– Bei itapangwa na nani, na itapitiwa kila baada ya muda gani?
– Kujiunga ni hiari ama lazima?
– Majengo yasipojiunga, nani analipa?
– Mkataba ukiisha, bomba ni mali ya nani?
– Maji moto yanaenda wapi, na wavuvi wameulizwa?
– Sisi tulio nje ya bomba tunapata nini? Kivuli sokoni? Barafu ya samaki?

11/ Mgombea akijibu matatu kati ya hayo bila kutaja Dubai, msikilize mpaka mwisho. Akirudia Dubai, mwambie aanze na ile sheria yao ya 2021. Weka swali lako la saba hapa chini.