Ukienda kutanua Ugiriki, beba taulo lako

Vijana wengi wa Bongo wakisikia Ugiriki akili inakimbilia kwenye meli na habari za kuzamia. Leo nawaletea upande wa starehe, tena si ya vile visiwa vya kwenye kadi za posta ambako ukinywa kahawa mbili unaanza kuhesabu nauli ya kurudi. Nazungumzia Tolo, kijiji kidogo cha wavuvi na watalii, kusini-magharibi mwa Athens.

Ukishapata viza ya Schengen (hiyo ndiyo kasheshe yenyewe), kufika si kazi. Unapanda basi Athens, unavuka ule mfereji wa Korintho uliofunguliwa mwaka 1893, na baada ya saa mbili na ushee uko Nafplio, mji uliokuwa makao makuu ya Ugiriki kabla ya serikali kuhamia Athens mwaka 1834. Hapo unadaka basi jingine, kilomita kumi na kitu, umeingia.

Mimi nilipelekwa na dada mmoja wa nyumbani aliyeishi Athens miaka mingi, Kigiriki kinamtoka kama kazaliwa nacho. Bichi ya Tolo ni nyembamba, mchanga laini, na maji yana kina kifupi kiasi kwamba hata asiyejua kuogelea anaweza kujidai. Hoteli na baa zimesogea mpaka mchangani. Sasa hapo ndipo penye neno.

Mbele ya baa kumepangwa vitanda na miavuli, ukijilaza unalipa au unaagiza kinywaji. Sisi tukatandika khanga zetu katikati ya safu mbili. Kijana wa baa huyo, mbio mbio, eti hapo ni pa wateja. Dada akamjibu taratibu huku anajipaka mafuta. Kabla hajamaliza, bibi mmoja wa Kigiriki aliyekuwa anatoka majini akadakia, akamwaga maneno, kijana akageuka bila kuaga.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema anaoga hapa tangu baba yake huyu mtoto hajazaliwa, kwa hiyo amwonyeshe risiti ya kununulia mchanga, mdogo wangu."

Bibi hakuwa anaropoka. Kwa sheria za kule ufukwe ni mali ya umma, mwenye baa anakodishiwa kipande tu. Mwaka 2023 wakazi wa kisiwa cha Paros waliandamana na mataulo yao wakidai mchanga uliofunikwa na vitanda, moto ukasambaa sehemu nyingine, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria kwamba angalau nusu ya ufukwe ibaki wazi, na kwenye hifadhi asilimia 70. Sisi tunaobanana Coco Beach kila Jumapili tunaelewa walichokuwa wanapigania.

Nenda Juni au Septemba, maana Agosti Wagiriki wenyewe wako likizo, na baridi ikiingia sehemu nyingi zinafungwa. Mchana saa 9 hadi saa 11 na nusu usipige kelele, ni muda wa kupumzika kisheria. Jioni kula pweza, wanaanikwa kwenye kamba kama nguo kisha wanachomwa kwa mkaa, watamu balaa. Na menyu zimeandikwa wazi kwamba usipopewa risiti, huna wajibu wa kulipa. Nilimwombea mhudumu wetu asahau. Wapi! Akaileta hata kabla ya mkate.