Akiba Yako Imo Mfukoni, Itazame Kabla ya Uzee



Jioni zamu ikiisha, wafanyakazi wa viwanda vya Nalukolongo humiminika Nateete. Wengine hutafuta teksi za njia ya Masaka, wengine husimama kwenye vibanda vya pesa za simu. Tangu pesa hizo zilipoingia Uganda mwaka 2009, simu imekuwa mkoba wetu. Kwayo tunatuma karo, tunalipia umeme na, tusifichane, tunaweka dau la mpira. Lakini akiba ya NSSF wengi hawaitazami kamwe. Wanasema hayo ni mambo ya wazee.

Sivyo. Zamani ilikuwa lazima ungoje miaka 55, au 50 ikiwa huna kazi. Wakati wa karantini za 2020 na 2021 watu walikaa njaa huku akiba yao imefungiwa, na kilio kikazidi. Januari 2022 sheria ikarekebishwa. Sasa mwanachama aliyefika miaka 45, na ameweka akiba kwa miaka 10, aweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mlemavu aliyefika miaka 40, na ameweka kwa miaka 10, aweza kuchukua hadi asilimia 50.

Tufanye hesabu. Mshahara ukiwa shilingi 200,000, wewe unakatwa asilimia 5, yaani 10,000, na tajiri anaongeza asilimia 10, yaani 20,000. Kwa miaka 10 zinakuwa 3,600,000, bila riba. Asilimia 20 yake ni 720,000. Si utajiri, lakini ni bati za nyumba, au safari ya kuwaona wazazi ukiwa bado na miguu ya kutembea. Wapo wanaosema fedha hiyo lazima ifungue duka. Mimi sioni hivyo. Aliyesimama mbele ya mashine miaka ishirini ana haki ya kupumua kidogo kabla mgongo haujapinda. Asiyetaka kuchukua asichukue. Fedha yake itaendelea kupata riba.

Lakini hesabu hiyo ni ya tajiri mwaminifu. Wapo wanaokukata kila mwezi na wasipeleke kitu, nawe unakuja kugundua ukiwa na mvi. Hapa ndipo simu inapokuwa silaha. Hata simu ndogo ya tochi inatosha: bonyeza *254# ufuate maelezo. Usimpe mwenye kibanda namba yako ya siri akusaidie, hata akiwa jirani.

Mchango wapaswa kufika ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Ukiona mwezi umerukwa, tunza hati ya mshahara, mwone mwakilishi wa chama kiwandani, kisha nendeni pamoja ofisi ya NSSF. Nanyi wa mashamba ya chai na miwa, msidanganywe kwamba mko wachache mno: tangu 2022 hata tajiri mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchanga.