Kasindi: Roboti ya kufagia ya bei nafuu haioni kinyesi cha kuku

KASINDI – Malori yanayotoka bandari ya Mombasa hupita Kampala, hufika Mpondwe, huvuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi, katika teritwari ya Beni, Kivu Kaskazini. Yamebeba simu, pikipiki, vitenge, mabati na televisheni. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia ya Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi, na chombo chochote cha nyumbani kinachotengenezwa China kwa bei ya chini hakikawii kutafuta njia ya kupita kwenye duwane hii. Tangu waasi wa M23 waliposhika mji wa Goma mwezi Januari 2025, uzito wa kivuko hiki kwa jimbo umeongezeka.

Kati ya vyombo ambavyo vimeshuka bei kuliko vyote ni roboti ya kufyonza vumbi: mashine ya mviringo, pana kama sinia ndogo, yenye kilo mbili na nusu hadi tatu, inayozunguka yenyewe sakafuni na kumeza takataka. Kwenye maduka ya mtandaoni ya Nairobi na Kampala, zile za kampuni zinazojulikana lakini za ngazi ya chini hupatikana kwa dola 150 hadi 250. Mtu mwenye nyumba ya saruji, umeme wa uhakika kidogo na kazi inayomtoa asubuhi hadi jioni ana haki ya kujiuliza kama hii si dawa ya vumbi la Kasindi.

Swali ni kwamba nyumba ya Kasindi haina watu peke yao. Kuna paka wa kukimbiza panya, mbwa wa kulinda ua, mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko, na kuku ambao usiku huingizwa ndani kwa sababu ya wezi. Kwenye milima ya upande wa Butembo na Lubero, jikoni mna pia simbilisi, ambao wengi huwaita kobai, wakikimbia huru chini ya meza na kula maganda. Watafiti wa kilimo waliochunguza ufugaji huo Kivu wanaeleza kwamba mnyama huyo alipendwa pia kwa sababu ya vita: ni mdogo, hufichika, na mporaji hawezi kumswaga barabarani kama anavyomswaga ng'ombe.

Roboti hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo.

Ilianzia Marekani

Mashine iliyoifanya kazi hii ijulikane duniani ni Roomba, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya iRobot, ambayo ilianzishwa mwaka 1990 na watu watatu waliotoka Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Nyumba waliyoifikiria ilikuwa na zulia fupi, sakafu iliyonyooka, tundu la umeme ukutani lisilokatika, na mbwa au paka mmoja anayepukutisha manyoya. Mpaka leo tangazo la roboti likisema inafaa nyumba yenye wanyama, maana yake ni manyoya. Halizungumzii manyoya ya kuku, wala punje za mahindi, wala kinyesi.

Na ni kinyesi kilichoitia kampuni hiyo aibu. Wenye mbwa walianza kusimulia namna mashine ilivyokutana usiku na uchafu wa mbwa, ikaupitia, ikaubeba kwenye magurudumu na brashi, kisha ikaendelea na kazi yake kwa bidii chumba hadi chumba. Watu walicheka sana kwenye mitandao. Mwezi Septemba 2021 iRobot ilitoa aina ya j7+, yenye kamera mbele, ikaahidi kwamba mteja ambaye mashine yake itashindwa kukwepa kinyesi kigumu cha mnyama katika mwaka wa kwanza atapewa nyingine bure. Bei yake ilikuwa dola 849.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo muuzaji wa bei nafuu huwa haielezi. Roboti ya dola 150 kwa kawaida haina kamera ya kutambua vitu. Inajua ukuta kwa kuugonga na bampa yake. Inajua ngazi kwa taa ndogo zilizo chini ya tumbo, ambazo huona kwamba sakafu imekwisha. Zile bora kidogo zina kifaa cha leza cha kuchora ramani ya chumba, lakini leza hiyo hukaa juu ya mgongo wa mashine na hupita juu ya kitu kilicholala sakafuni. Kwake, kinyesi cha kuku na unga uliomwagika ni takataka za namna moja.

Tuseme pia kwamba kamera nayo ina bei yake nyingine. Mwezi Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilionyesha jinsi picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot ndani ya nyumba za watu, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivyoishia kwenye makundi ya mtandaoni ya wafanyakazi wa Venezuela waliolipwa kuzipanga. Kampuni ilisema wenye nyumba hizo walikuwa wamekubali kushiriki majaribio. Mwaka 2024 wadukuzi waliingia katika roboti za Ecovacs aina ya X2 katika miji kadhaa ya Marekani. Moja yao, Los Angeles, ilielekezwa kumkimbiza mbwa wa nyumba. Kwa hiyo ile isiyo na macho inatunza siri ya familia vizuri zaidi, na papo hapo inapaka uchafu bila kujua.

Mtoto anayetambaa

Marekani jambo hilo ni hasara ya zulia. Kasindi linamhusu mtoto wa miezi minane.

Kule Walungu, Kivu Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia familia zenye watoto wadogo katika mradi uliojulikana kama REDUCE. Waliona kwamba watoto wanaotia mdomoni vitu vichafu na wanaokaa karibu na wanyama walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuhara na ya kudumaa. Njia yenyewe si fumbo. Kuku hubeba tumboni vijidudu kama Campylobacter, mara nyingi bila kuonyesha ugonjwa wowote. Mtoto hutambaa, hushika chini, hutia mkono kinywani. Mtoto mwenye kuhara mara kwa mara hata akila vizuri hafaidi chakula chake.

Mama anayefagia kwa mkono huona. Akikuta kinyesi, hukitoa kwanza kwa koleo au kwa majivu, ndipo ufagio uendelee na maji na sabuni yafuate. Mashine haina hatua hiyo ya kwanza. Kinyesi kikiwa kikavu, husagwa na brashi na sehemu yake kuingia kwenye kisanduku cha vumbi. Kikiwa kibichi, hutandazwa kwa mstari mwembamba ambao jicho halioni na ambao mtoto ataupitia kwa viganja na magoti. Sakafu itaonekana safi. Hilo ndilo baya lake.

Zile roboti zenye kitambaa cha maji nyuma hazisaidii hapa. Kitambaa kile kile kilichopita kwenye uchafu wa mlangoni ndicho kinachofika chini ya kitanda, kikiwa na maji kidogo tu ya tangi lake.

Vumbi la barabara

Kuna na vumbi lenyewe. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua hapa mpakani ujenzi wa barabara, zikiwemo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Pale lami isipofika, kila lori linainua wingu jekundu ambalo hutua juu ya viti, sahani na vitanda. Wakaaji wengi hupambana nalo kwa kunyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia ili lisiruke. Ni akili nzuri kwa ufagio, lakini inaiua roboti. Mashine ya kufyonza inataka kitu kikavu. Vumbi lenye unyevu hugeuka tope ndani ya bomba lake na kuziba chujio.

Kisanduku cha takataka cha mashine hizi hubeba kama nusu lita, na nyingi hubeba chini ya hapo. Kwenye nyumba ya ghorofa Nairobi nusu lita ni kazi ya siku kadhaa. Kwenye nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami, yenye kuku waliochakura pumba asubuhi, itajaa kabla sebule haijaisha. Manyoya ya kuku na nyuzi za kitenge hujizungusha kwenye brashi mpaka isimame, na dawa yake ni mkasi na uvumilivu. Chujio linapaswa kukung'utwa kila baada ya kazi. Mtu aliyenunua mashine ili apumzike atajikuta ana chombo kingine cha kusafisha.

Vizingiti ni tatizo la pili, ingawa dogo. Roboti nyingi hupanda sentimita mbili hivi, zaidi ya hapo hukwama. Sakafu iliyopakwa rangi nyeusi inaweza kuzidanganya zile taa za tumboni, mashine ikadhani imefika kwenye shimo na kukataa kusogea. Nyumba ya udongo au ya mbao zenye mianya isihangaike kabisa.

Wanyama wenyewe watasema lao. Mbwa hubweka siku za kwanza kisha huzoea, hasa akiruhusiwa kuinusa ikiwa imezimwa. Paka mara nyingi hujitafutia mahali pa juu na kuitazama. Kifaranga na mtoto wa simbilisi ndio wa kuogopewa, maana bampa husimama ikigonga kitu kinachokataa kusukumwa, na hao ni wepesi mno. Mbuzi atautafuna waya wa kuchajia. Kwa hilo hakuna haja ya utafiti.

Bado kuna jambo ambalo karatasi ya maelezo haiwezi kulijua. Mashambulizi ya ADF yamewasukuma watu wengi kutoka vijiji vya Beni, na familia nyingi zimewapokea ndugu. Sebule ya mchana ni chumba cha kulala cha usiku. Mikeka, sufuria, mabegi na viatu viko chini. Roboti inataka sakafu tupu, na sakafu tupu katika nyumba iliyopokea wageni ni anasa kuliko roboti yenyewe.

Kama bado unaitaka

Wapo ambao itawafaa: wenye sakafu ya vigae au saruji laini, kuku wakiwa na banda lao nje, na paka au mbwa tu ndani. Kwao manyoya na vumbi jepesi ni kazi inayowezekana, na kufyonza mara kwa mara huondoa pia mayai ya viroboto yaliyojificha pembeni mwa ukuta. Waendeshe mchana wakiwa macho, wanyama wakiwa nje, baada ya kukagua sakafu kwa jicho na kuokota kinachookotwa kwa mkono. Mahali mtoto anapotambaa papanguswe tena kwa maji na sabuni. Kuiacha izunguke usiku watu wakiwa wamelala, kama matangazo yanavyopenda kuonyesha, si kwa nyumba yenye mnyama ndani.

Umeme si kikwazo kama wengi wanavyodhani. Betri ya roboti ya kawaida hubeba karibu wati 40 kwa saa moja, kwa hiyo hata paneli ndogo ya jua yenye kigeuza umeme inaweza kuijaza, sembuse nyumba iliyounganishwa na mtambo wa maji kama ule wa Virunga uliopo Mutwanga tangu 2013. Intaneti nayo si lazima. Nyingi huanza kazi kwa kubonyeza kitufe cha mgongoni au kwa rimoti, na kwa mtandao wa hapa hiyo ndiyo ya kuchagua.

Jihadhari na zile za dola 20 au 30 zinazoitwa roboti pia na kuchajiwa kwa waya wa simu. Nyingi ni mwanasesere mwenye injini ndogo: hazina taa za kuona ngazi, hazirudi kujichaji, na nguvu yake ya kuvuta haifiki kwenye mchanga.

Hata kampuni kubwa si kinga. iRobot yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Desemba 2025 na kukubali kuchukuliwa na Picea, kampuni ya China iliyokuwa ikizitengeneza mashine zake. Anayenunua Kampala au Mpondwe aulize, kabla hajalipa, kama muuzaji ana brashi, chujio na betri za aina hiyo hiyo, na anunue za akiba hapo hapo, kwani fundi wa Butembo anaweza kufungua mota lakini hawezi kutengeneza chujio. Aangalie pia kichwa cha chaja. Uganda hutumia kile cha pini tatu bapa, Kongo pini mbili za duara, na adapta yake ni afadhali kuitafuta kabla ya kuvuka mto.