Fahamu: Kwa nini ngazi ya 3 ya hatari ya maporomoko ya theluji huua wengi

Kila jioni ya majira ya baridi, taasisi ya utafiti wa theluji, SLF, iliyoko Davos, Uswisi, hutoa tahadhari kwa wanaoteleza kwa skii nje ya njia rasmi milimani Alps. Hatari hupangwa kwa ngazi 5, lakini ngazi ya 3 ndiyo inayoua wengi zaidi. Ikifika ya 4 au 5, wengi huahirisha safari. Ikiwa ya 3, hujipa moyo na kutoka.

Maporomoko hutokeaje?
Theluji hujipanga kwa matabaka. Tabaka gumu likilalia tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja waweza kuliporomosha lote, hasa kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30.

Dalili ni zipi?
Theluji mpya nyingi, upepo mkali, joto la ghafla, nyufa na mvumo mzito chini ya miguu.

Ufanye nini?
Soma tahadhari. Beba kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kupapasia na sepetu. Mkiwa kundi, vukeni mteremko mtu mmoja mmoja. Aliyefukiwa, baada ya dakika 10 uwezekano wake wa kuishi hushuka haraka. Hivyo mwokozi wake ni mwenzake aliye karibu. Ukiwa na shaka, rudi.